Kuizuia ofisi ya serikali isitoe jina lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria ya Marekani

Maswali haya yanamhusu mtu ambaye jina lake limo kwenye faili la ofisi ya umma nchini Marekani, na mtu mwingine ameomba kupewa faili hilo. Huenda ulitia sahihi ombi la kura ya maoni, ulitoa taarifa polisi, ulidai fidia ya ugonjwa, au unafanya kazi ambayo baadhi ya watu wanaichukia kiasi cha kukutafuta nyumbani. Majibu ni ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili. Jambo moja litajitokeza mara nyingi humu: siri ambazo watu hudhani ni zao, kisheria mara nyingi ni za ofisi. Ofisi ikiamua kuzitoa, kazi ya kuizuia inakuangukia wewe, na muda unaopewa ni mfupi.

Je, naweza kwenda mahakamani kuizuia ofisi isitoe jina langu?

Unaweza. Kwa kawaida anayefungua kesi ya nyaraka za serikali ni yule aliyenyimwa. Katika kesi za namna hii mambo yamegeuka: ofisi iko tayari kutoa, na anayelalamika ni yule aliyetajwa ndani ya nyaraka. Mahakama huzisikiliza, lakini haitoshi kusema "hili ni jambo langu la binafsi". Lazima uonyeshe sheria mahususi inayoikataza ofisi kutoa, au haki ya kikatiba itakayovunjwa, kisha ulete ushahidi wa madhara yatakayokupata wewe.

Lakini si FOIA ina kipengele cha faragha?

Inacho. Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 1966, inayojulikana kwa kifupi kama FOIA, ina vighairi tisa, yaani mambo tisa ambayo ofisi inaweza kukataa kuyatoa. Cha sita kinahusu mafaili ya watumishi, ya matibabu na yanayofanana na hayo, iwapo kuyatoa kungeingilia faragha ya mtu bila sababu ya haki. Cha saba, katika kipengele chake cha C, kinatoa ulinzi mpana zaidi kwa majina yaliyomo kwenye kumbukumbu za upelelezi na utekelezaji wa sheria.

Watu wengi husoma vighairi hivyo wakapumua, na hapo ndipo wanapokosea. Mwaka 1979, katika kesi ya Chrysler dhidi ya Brown, kampuni hiyo ya magari ilijaribu kuizuia serikali isitoe taarifa za uajiri ambazo kampuni ilikuwa imeziwasilisha kama mkandarasi wa serikali. Mahakama ya Juu ilisema FOIA ni sheria ya kutoa taarifa tu. Vighairi vyake vinairuhusu ofisi kukataa, haviilazimishi kukataa. Kwa hiyo huwezi kuishtaki ofisi kwa sababu tu imeacha kutumia kighairi ambacho ingeweza kukitumia.

Mahakama iliacha njia moja wazi, nayo ndiyo inayotumika mpaka leo dhidi ya ofisi za serikali kuu: Sheria ya Taratibu za Utawala ya mwaka 1946. Unadai kwamba uamuzi wa kutoa nyaraka ulikiuka sheria nyingine, au ulifanywa kiholela bila kuzingatia yaliyopaswa kuzingatiwa. Jaji hapo huangalia hasa karatasi zilizokuwa mezani kwa ofisi wakati wa kuamua. Ndiyo maana barua yako ya kupinga, uliyoiandikia ofisi kabla ya kesi, ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ambacho hukukieleza wakati huo ni vigumu kukiingiza baadaye.

Na Sheria ya Faragha ya mwaka 1974?

Hii inasomeka kama ngao kamili: ofisi ya serikali kuu isitoe kumbukumbu za mtu bila idhini yake ya maandishi. Kisha yanakuja mapengo. Inahusu kumbukumbu zinazotafutwa kwa jina la mtu au namba yake ya utambulisho, si kila karatasi inayomtaja. Inawalinda raia na wakazi wa kudumu; wageni wengine hawamo, isipokuwa raia wa nchi zilizoteuliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Inaruhusu ofisi kugawana taarifa kwa "matumizi ya kawaida" ambayo ofisi yenyewe imeyatangaza. Na inaruhusu kutoa chochote ambacho FOIA inalazimisha kitolewe.

Pengo hilo la mwisho, hata hivyo, lina upande unaokufaa. Ikiwa jina lako linaangukia ndani ya kighairi cha sita, basi FOIA hailazimishi litolewe. Na kama FOIA hailazimishi, Sheria ya Faragha inarudi na kukataza. Sheria mbili zikisomwa pamoja, hiari ya ofisi inageuka kuwa marufuku. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa mtu wa kawaida aliyetajwa kwenye faili la serikali kuu, na inasikitisha kuona jinsi inavyosahaulika kwenye barua za kupinga.

Tatizo lingine ni tiba. Ukisoma sheria yenyewe, amri za mahakama inazozitaja ni za kusahihisha kumbukumbu zako na kukuwezesha kuziona. Kuzuia utoaji hakukutajwa. Kwa kosa la kutoa, inakupa fidia, tena ikiwa ofisi ilifanya makusudi. Angalia kilichowapata wachimbaji wa makaa ya mawe waliodai mafao ya ugonjwa wa mapafu. Wizara ya Kazi ilitumia namba zao za hifadhi ya jamii kama namba za kesi, kisha ikatuma hati za wito zenye orodha ya wadai wengi kwa pamoja, kila mmoja akiona namba za wenzake. Wizara ilikubali kuacha. Mmoja wao, aliyeshtaki kwa jina la kubuni, alieleza wasiwasi mkubwa uliompata. Mwaka 2004, katika kesi ya Doe dhidi ya Chao, Mahakama ya Juu ilisema hata kile kiwango cha chini cha dola 1,000 hakipati asiyethibitisha hasara halisi. Mwaka 2012, katika kesi ya rubani ambaye hali yake ya VVU ilipitishwa kutoka ofisi moja ya serikali hadi nyingine, mahakama ikaongeza kwamba hasara hiyo lazima iwe ya fedha. Aibu, hofu na kukosa usingizi havihesabiwi. Mimi naona hukumu hizo mbili zimeikausha sheria yenyewe, kwa sababu madhara ya kutajwa mara nyingi hayana risiti.

Katiba hainilindi?

Kidogo kuliko unavyotarajia. Mwaka 1977, katika kesi ya Whalen dhidi ya Roe, wagonjwa na madaktari walipinga mpango wa jimbo la New York wa kuweka kwenye kompyuta majina ya wote wanaoandikiwa dawa fulani kali. Mahakama ya Juu ilikiri kwamba mtu ana maslahi katika kutotangazwa mambo yake, kisha ikaangalia ulinzi uliokuwepo: chumba chenye uzio wa waya na kengele ya hatari, tepu zikifungiwa kabatini, fomu zikiteketezwa baada ya miaka mitano. Ikaupitisha mpango. Mwaka 2011, katika kesi iliyoihusu NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mahakama ilichukulia tu kwamba haki hiyo ipo, bila kuamua kama ipo kweli. Mahakama za rufaa za mikoa mbalimbali zimekwenda njia tofauti, kwa hiyo mahali unaposhtaki pana maana.

Kesi inayoumiza zaidi ni ya mwaka 1976, Paul dhidi ya Davis. Polisi wa eneo la Louisville waliwagawia wafanyabiashara wapatao 800 kijitabu chenye majina na picha za watu walioitwa wezi wa madukani. Mmoja wao alikuwa amekamatwa tu, hakuwa amehukumiwa, na shtaka lake likafutwa muda mfupi baadaye. Mahakama ilisema kuchafuliwa jina peke yake hakuvunji Katiba. Mwaka 2003 mantiki ya namna hiyo ilitumika kwa rejesta za wahalifu wa ngono: jimbo la Connecticut halikulazimika kumpa mtu nafasi ya kuthibitisha kuwa si hatari kabla ya kumweka kwenye orodha ya umma, kwa kuwa kigezo kilikuwa hukumu yenyewe.

Nilitia sahihi ombi la kura ya maoni. Jina langu linaweza kutolewa?

Ndiyo, na kesi inayojibu swali hili ndiyo ya kuisoma kwa makini kuliko nyingine zote.

Mwaka 2009 jimbo la Washington lilipanua haki za wapenzi wa jinsia moja waliosajiliwa kama wenzi. Kundi lililopinga likakusanya sahihi zaidi ya 137,000 ili sheria hiyo ipigiwe kura, na sahihi zilizohitajika zilikuwa 120,577. Kila karatasi ilibeba jina na anwani ya mtu. Waliounga mkono sheria wakaomba nakala kupitia sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo, na wengine wakasema wataziweka kwenye intaneti. Wapinzani wakakimbilia mahakamani kwa majina ya kubuni na kupata zuio la muda.

Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza: kutoa majina ya watia sahihi wa ombi lolote ni kinyume cha uhuru wa maoni. Ya pili: hata kama si kwa maombi yote, kwa ombi hili mahususi kuna hatari ya kutishwa. Juni 2010, katika kesi ya Doe dhidi ya Reed, Mahakama ya Juu iliikataa hoja ya kwanza kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Kutia sahihi ni tendo la kutunga sheria pamoja na kuwa maoni, na jimbo lina sababu nzito ya kuruhusu watu wakague sahihi ili kunasa udanganyifu na makosa. Hoja ya pili ilirudishwa mahakama ya chini. Huko, Oktoba 2011, jaji alisema ushahidi haukutosha: yaliyosimuliwa mengi yaliwahusu viongozi wa kampeni waliojitokeza hadharani, na karibu hakuna aliyeonyesha kwamba mtia sahihi wa kawaida alidhuriwa kwa kutia sahihi. Majina yakatolewa.

Nakubaliana na sehemu ya kwanza. Ombi linalosimamisha sheria iliyopitishwa na bunge haliwezi kukaguliwa na umma kama waliolitia sahihi hawaonekani. Ninachobaki nacho ni wasiwasi kuhusu anwani. Ukaguzi wa sahihi haudai kwamba kila mwenye simu ajue mlango wa mtu, na mahakama ingeweza kulichambua hilo zaidi.

Ushahidi gani basi unatosha?

Kipimo kimetokana na kesi ya Buckley dhidi ya Valeo ya mwaka 1976 kuhusu wachangiaji wa kampeni: uwezekano wa kuridhisha kwamba kutajwa kutaleta vitisho, usumbufu au kulipiziwa kisasi, kutoka serikalini au kwa watu binafsi. Tazama nani aliyekifikia. Mwaka 1958 NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kiligoma kuipa Alabama orodha ya wanachama wake, kikaonyesha kwamba waliowahi kujulikana walifukuzwa kazi na kutishiwa kupigwa. Kilishinda kwa kauli moja ya majaji. Mwaka 1982 chama kidogo cha kisoshalisti huko Ohio kilileta simu za vitisho, barua za chuki, vitabu vilivyochomwa, risasi zilizopigwa kwenye ofisi na rekodi za FBI kuwafuatilia. Kikaruhusiwa kutotaja wachangiaji.

Mwaka 2021 mashirika ya hisani yaliishinda California, iliyokuwa ikitaka orodha za wafadhili wakubwa. Jimbo lilidai zitabaki siri, lakini ushahidi ulionyesha kwamba karibu fomu 2,000 za siri zilikuwa zimewekwa kwenye tovuti yake kwa bahati mbaya. Kumbuka hilo ofisi inapokuambia "tuamini". Rekodi ya kuvuja ni ushahidi, iombe na uiweke kwenye kiapo.

Kwa upande wako kusanya yenye tarehe: picha za jumbe za vitisho, namba za taarifa ulizopeleka polisi, mambo yaliyowapata wenzako walio katika nafasi kama yako na wakatajwa. Kiapo kinachosema "naogopa" bila tukio hata moja hakiendi mbali. Hili ni gumu, najua. Sheria inamtaka mtu athibitishe kidonda kabla hajajeruhiwa, na kundi jipya lisilo na historia ya kushambuliwa liko pabaya zaidi, ingawa Mahakama ya Juu imesema kundi kama hilo linaweza kuleta ushahidi wa yaliyowapata wengine wenye msimamo kama wao.

Ofisi inalazimika kunijulisha kabla ya kutoa?

Kampuni, ndiyo, mtu binafsi, mara nyingi hapana. Agizo la Rais namba 12600 la mwaka 1987 linazitaka ofisi za serikali kuu kumjulisha mwenye taarifa za siri za biashara kabla hazijatolewa. Hakuna agizo kama hilo la jumla kwa jina la mtu wa kawaida. Ni kasoro, na sijaona utetezi wake unaoridhisha.

Majimbo yanatofautiana. Washington inaipa ofisi hiari ya kumjulisha aliyetajwa, na inamruhusu kwenda mahakamani kuomba zuio. California haikuwa na kifungu cha namna hiyo, lakini mahakama yake ya rufaa ilitambua haki ya kushtaki mwaka 2012, katika kesi ya mwalimu aliyepinga kutolewa kwa uchunguzi uliomhusu. Usisubiri barua. Kama unajua kwamba jina lako liko mahali panapoombwa sana, iandikie ofisi mapema ukiomba ujulishwe.

Jaji anapima nini kabla ya kutoa zuio la muda?

Mahakama za serikali kuu hufuata mambo manne yaliyokaziwa mwaka 2008 katika kesi ya Winter: uwezekano wa wewe kushinda, madhara yasiyorekebishika, nani ataumia zaidi, na maslahi ya umma. Madhara yasiyorekebishika ni rahisi kiasi, kwa kuwa jina likitoka halirudi. Wengi huangukia kwenye lile la kwanza. Jimbo la Washington limeweka kipimo kikali chake kwenye sheria ya kumbukumbu: kuonyesha nyaraka kuwe wazi kwamba si kwa maslahi ya umma, na kumdhuru mtu kwa kiasi kikubwa na bila kurekebishika.

Nikifungua kesi, si nitakuwa nimejitaja mwenyewe?

Kanuni ni kwamba wenye kesi hutajwa. Unaweza kuomba kutumia jina la kubuni, na katika kesi hizi majaji huelewa kwamba vinginevyo kesi ingekuwa imekufa mlangoni. Ombi hilo lipelekwe siku ileile ya kufungua kesi, pamoja na hati zenye jina halisi zikiwa zimefungwa kwa jaji peke yake.

Je, ofisi inaweza kutoa hati bila jina?

Ndiyo, na hii mara nyingi ndiyo suluhu. Mwaka 1976 wanafunzi wa sheria waliomba muhtasari wa kesi za nidhamu za chuo cha jeshi la anga. Mahakama ya Juu ilikubali zitolewe baada ya majina kufutwa. Mwaka 1991, kuhusu Wahaiti waliorudishwa kwao na kuhojiwa na maofisa wa Marekani, ilikubali mahojiano yatoke ila majina yabaki yamefichwa, kwa kuwa utendaji wa serikali ulionekana bila hayo. Ukiandika barua ya kupinga, omba hili kama ombi la pili. Taja mistari: jina, mtaa, jina la mtoto, cheo kinachoshikwa na mtu mmoja tu. Ofisi yenye haraka hufuta jina na kuacha cheo, na kila mtu akajua ni nani.

Mimi ni mtumishi wa umma. Hali yangu ikoje?

Jina, cheo na mshahara wa mtumishi wa serikali kuu kwa kawaida ni vya umma. Anwani ya nyumbani ni jambo jingine: mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilikataa hata chama cha wafanyakazi kisipewe anwani hizo.

Kuna sheria zinazoikataza ofisi moja kwa moja?

Zipo, na ukiwa ndani ya mojawapo kazi yako inapungua sana. Marejesho ya kodi ya mapato ni siri kisheria. Majina kwenye sensa hufungwa kwa miaka 72. Ndiyo maana sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Kumbukumbu za leseni za udereva zinalindwa na sheria ya mwaka 1994, iliyotungwa baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kuuawa mwaka 1989 na mtu aliyepata anwani yake kutoka kwenye rekodi za magari za California. Sheria hiyo ilipingwa na majimbo, ikathibitishwa mwaka 2000. Waliokimbia ukatili wa nyumbani wana mipango ya anwani mbadala, iliyoanza Washington mwaka 1991 na kuenea majimbo mengi.

Kampuni nayo ina faragha?

Faragha ya binafsi chini ya FOIA, haina. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 2011 dhidi ya kampuni ya simu ya AT&T. Taarifa zake za siri za biashara zina kighairi chake.

Ulaya wamefanya tofauti?

Sana. Huko mzigo uko zaidi kwa serikali kueleza kwa nini inamtaja mtu. Mwaka 1997 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikuta Finland na hatia kwa sababu hukumu ya mahakama yake ya rufaa ilitaja jina na hali ya VVU ya mwanamke ambaye hata hakuwa mshtakiwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kutangazwa kwa majina ya watu binafsi wanaopata ruzuku za kilimo bila kutofautisha kiasi wala muda. Machi 2023, mbele ya ile Mahakama ya Haki za Binadamu, ikawa zamu ya Hungary, iliyokuwa ikiweka mtandaoni majina na anwani za nyumbani za wadaiwa wakubwa wa kodi, na chombo kimoja cha habari kikazichora kwenye ramani. Mahakama haikusema wadaiwa wasitajwe kamwe. Ilisema bunge halikuwahi kujiuliza kama anwani ya nyumbani ilihitajika.

Jina likishatoka, naweza kuwazuia waandishi wasilichapishe?

Kwa kawaida huwezi. Huko Jacksonville, polisi waliweka chumbani mwa waandishi ripoti yenye jina kamili la mwanamke aliyebakwa. Kulikuwa na mabango ukutani yakisema majina ya waathirika wa ubakaji si ya umma. Mwandishi mwanagenzi aliinakili ripoti neno kwa neno, na gazeti likaichapisha. Mama yake mwanamke huyo alipigiwa simu za vitisho, na mwanamke mwenyewe akalazimika kuhama. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Florida Star, ilisema gazeti lililopata ukweli kihalali kutoka serikalini haliwezi kuadhibiwa katika mazingira kama hayo. Kama serikali inataka kulinda jina, ilinde faili lake. Kwa hiyo muda wako ni ule ulio kati ya ombi na jibu la ofisi. Mpigie wakili siku unayosikia kuhusu ombi, na barua ya kupinga ifike kabla ofisi haijajibu.

Na aliyetajwa akiwa amefariki?

Familia inaweza kusimama. Mwaka 2004, kwenye kesi iliyohusu picha za maiti ya ofisa wa Ikulu ya Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba ndugu wa karibu wana maslahi yao wenyewe ya faragha. Iliongeza kwamba anayetaka picha hizo kwa madai ya uovu wa serikali lazima alete ushahidi unaomfanya mtu mwenye busara aamini kwamba huenda uovu ulitendeka. Shaka tupu haitoshi. Hapa ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mzigo wa ushahidi umemwangukia anayeomba.